Kifurushi Hakikupatikana

Sijawahi kumwona Madam akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Alikinywa kwa awamu: funda moja mlangoni, funda moja nyuma ya mwanafunzi aliyekwama, funda moja dirishani akiangalia vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, linavyokuja. Mwisho anakisahau juu ya kompyuta ya nne, chai inapoa, na mimi ndiye niliyekiondoa kabla hakijamwagika kwenye kibodi. Watu wengi wa Nyamongo waliijua miguu yake kabla hawajajua kazi yake. Wangeulizwa Madam ni nani, wangesema ni yule mama anayepita mbio kama ameacha sufuria motoni.

Tulimwita Madam kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu sekondari, na mwalimu wa kike akishaitwa Madam, jina hilo halimtoki hata akistaafu. Alipostaafu alifungua chumba cha kompyuta pale senta, miaka ile rashi ya dhahabu ya Kerende ilipopamba moto na watu kuja hadi kutoka Geita na Migori. Chumba kilikuwa kati ya duka la dawa na banda la kuchomelea vyuma. Kila banda likianza kazi, umeme wetu ulipepesa na sisi sote tukashika mashine zetu kana kwamba mikono ingezizuia zisizime.

Ninaandika habari zake kwa sababu moja ambayo ni vizuri niiseme mapema. Kwa miaka sita watu wa Kerende wamemlaumu kwa jambo lililomkata mdogo wangu mguu. Sehemu ya kosa lile ilikuwa yangu, na nilikaa kimya.

Nilifika kwake kama mfagiaji. Niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo watatu: Mwita na wasichana wawili waliokuwa bado wanang'oka meno. Nilifagia, nikamwaga maji sakafuni vumbi lilale, nikafunika mashine kwa vitenge. Siku moja Madam alirudi kuchukua funguo akanikuta nimesimama mbele ya kioo cha kompyuta nasoma kilichoachwa na mwanafunzi. Aliniuliza kama naelewa. Nikasema hapana.

"Basi kesho ufagio utaanza saa kumi na mbili," akasema, "saa mbili unakaa hapa. Hao wengine wote wananiambia wanaelewa, sijui nifanye nao nini."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika programu. Alifundisha kwa kutembea. Ukikosea hakuja kukusahihisha, alisimama nyuma yako akihema, na ile pumzi yake shingoni ilikufanya uanze upya kutoka mstari wa kwanza.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Usiniambie haipo. Niambie umeitafuta wapi." Alilisema kuhusu mkasi, kuhusu funguo, kuhusu chumvi. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alikuja siku moja akilalamika kwamba mkewe haonekani tangu juzi, na kabla hajamaliza Madam akamuuliza amemtafuta wapi. Yule bwana akafikiri, akasema kwa shemeji yake tu. "Basi hajapotea," Madam akamwambia, "wewe ndiye hujaenda mbali." Mke alikuwa Sirari kwa dada yake. Jamaa alirudi kutuletea soda.

Lakini neno hilo lilitoka kwenye kazi yetu. Programu haijitoshelezi. Ukiandika ya kwako, utaazima kazi za watu wengine walioandika kabla yako, kila moja imefungwa kama kifurushi na ina jina lake: hiki kinajua tarehe, hiki kinapanga majina, hiki kinachora jedwali. Juu kabisa ya programu unaandika majina ya vifurushi unavyohitaji, na kompyuta inakwenda kuvitafuta. Wanafunzi walidhani inatafuta kila mahali. Madam alichukia sana wazo hilo. Kompyuta, alisema, ina orodha ya folda za kupitia, nayo inaanza na ya kwanza. Ikikuta jina linalofanana inasimama hapo hapo, inachukua, haiendi mbele kuangalia kama kuna kingine kilicho bora.

"Ni mgeni mwenye haraka," alituambia. "Shuka pale Nyamwaga uulize kwa Chacha. Nyumba ya kwanza utakayopiga hodi, watakuambia karibu, Chacha yupo. Watakupa na kiti. Utakula ugali wa Chacha asiye wako mpaka jua linazama, huku Chacha wako anakusubiri nyumba ya tisa."

Wote tulicheka, maana darasani siku ile tulikuwa na kina Chacha watatu. Hakucheka. Alitaka tuogope kidogo. Alisema programu inayokosa kifurushi ni afadhali, kwa kuwa inakataa kuwaka na wewe unajua. Ya kuogopwa ni ile iliyopata cha jina lile lile mahali pengine, ikaendelea na kazi ikiwa na uso mkavu.

Intaneti ya kwetu wakati ule haikuweza kubeba vitu vizito, kwa hiyo vifurushi tulivileta kwa diski kutoka Sirari, kwa kijana mmoja wa upande wa pili wa mpaka. Tabu ni kwamba kifurushi kimoja kinadai kingine, na hicho kinadai cha tatu. Siku moja Madam aliondoka asubuhi, akarudi na diski, tukaichomeka, kikakosekana kimoja. Akageuka hapo hapo akapanda gari. Aliporudi saa nane kilikuwepo, ila kilitaka mwenzake wa toleo jipya zaidi. Nikamwambia Madam, keshokutwa basi, pumzika. Alikuwa ameshavuka barabara. Safari ya tatu alirudi jua limezama, vumbi mpaka kwenye kope, akacheka mwenyewe jinsi yule kijana alivyompokea. "Madam, si ungekam na sleeping bag kabisa," kijana alikuwa amemwambia.

Kulikuwa na daftari kubwa ambalo aliandika kila kifurushi, toleo lake, siku kilipoingia na folda kilipokaa. Ungeliona daftari hilo ungesema huyu ni mtu wa mpangilio. Ungefungua kabati lake ungebadili kauli. Hakuwahi kufuta kitu. Matoleo ya zamani, mafaili yaliyoharibika, mitihani ya wanafunzi walioshakuwa na wajukuu, vyote alivihifadhi kwenye folda aliyoiita akiba. Mimi alinigombeza nikiacha faili moja isiyotumika. Yake maelfu, ukimuuliza, alisema huwezi kujua.

Na alikuwa mwalimu wa hesabu aliyenunua mifuko ya mawe. Anayejua Nyamongo ataelewa. Mchimbaji anatoka shimoni na mfuko wa mawe, hajui una dhahabu au hauna, anakuuzia kabla haujasagwa. Madam alikuwa amefundisha uwezekano kwa miaka thelathini ubaoni, angeweza kukupigia hesabu ya kushindwa kwako kwa dakika moja. Ijumaa ilipofika alikuwa karashani, kanga kiunoni, anabishana na vijana, anagusa mawe kwa ulimi. Mara nyingi hakupata kitu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikikaa nyumbani nitafanya nini, nihesabu kuku?"

Hao vijana wa karashani ndio waliotuletea kazi ya duara.

Kilikuwa kikundi cha wachimbaji wadogo wenye duara lao, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, Kerende, na Mwita alikuwa mmoja wao. Sikutaka ashuke shimoni. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba ufagio na kompyuta yangu haviwezi kulisha watu wanne, na alikuwa na haki. Msimu mmoja wa mvua udongo ulikuwa umeporomoka kwenye duara la jirani, na watu walichimba siku mbili wakimtafuta mtu ambaye kumbe alikuwa amekwenda harusini Kemambo. Mwenyekiti wa kikundi akataka orodha ya kuaminika: nani ameshuka, nani ametoka. Madam akasema tutaandika programu, karani wa kikundi ataweka mashine moja kwenye banda la mdomoni mwa duara.

Toleo letu la kwanza lilitambua watu kwa majina. Lilituaibisha ndani ya wiki, maana kikundi kilikuwa na kina Mwita Marwa wawili: mdogo wangu, na mwingine mnene, mcheshi, wa Nyamwaga. Mmoja akitoka, programu iliwatoa wote. Tukaandika kifurushi kipya kinachotambua watu kwa namba, kila mmoja akapewa kibati chenye namba yake shingoni. Tuliweka kipya kwenye folda yake. Cha zamani Madam akakiweka akiba, na katika orodha ya mahali pa kutafuta akaandika kwamba kipya kisipoonekana, kompyuta iangalie akiba. Nilimuuliza kama si afadhali kukifuta. "Huwezi kujua," akasema. Umeme ungeharibu folda, watu wangebaki hawana orodha kabisa. Nilimwelewa, na hilo ndilo kosa lake.

Langu ni hili. Karani hakujua Kiingereza, na Madam alitaka maneno yote ya kwenye kioo yawe Kiswahili. Aliniachia kazi hiyo akaenda Migori kumzika shangazi yake. Akaniambia nisiweke kitu kabla hajakisoma. Mimi nilitaka akirudi akute kazi imekwisha. Pale ambapo programu ilitakiwa kuonya kwamba haikupata kifurushi kipya na sasa inatumia cha zamani, niliandika: Kifurushi hakikupatikana. Endelea? Chini nikaweka Ndiyo na Hapana. Niliona ni Kiswahili safi. Nikapeleka Kerende siku ile ile, na Madam aliporudi nikamwambia kila kitu kiko sawa.

Msomaji wa Tanzania ameshaona. Kwetu kifurushi ni kile unachonunua kwenye simu ili upate intaneti.

Miezi kadhaa baadaye karani alihamisha mafolda kutoka kwenye mashine ile apate nafasi ya kuweka filamu. Folda ya kipya ikaenda nayo. Kesho yake asubuhi kioo kikamwambia kifurushi hakikupatikana. Karani, mtu mwaminifu kabisa, akatoa simu akanunua bando la wiki. Kioo kikarudia. Akanunua la mwezi. Kioo kikarudia. Akaamua kwamba ndiyo tabia ya mashine, akawa anabonyeza Ndiyo kila asubuhi na kuendelea na kazi.

Siku ya tukio nilikuwa chumbani kwa Madam. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, asubuhi jua likatoka kali. Kama saa tano karani alinipigia, sauti yake ina furaha. Matimba yanayoshikilia kuta yameachia, duara limefunga kwa udongo, lakini tumshukuru Mungu, watu wote wametoka, orodha inasema sifuri. Nikauliza Mwita. Akasema ametoka, ameandikwa saa nne. Nikapiga simu ya Mwita, haikupatikana. Nikasema labda chaji.

Madam alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hiyo sifuri," akauliza, "imetoka kwenye faili gani?"

Tulipanda bodaboda moja watu watatu. Tulipofika wachimbaji walikuwa wanakunja kamba za winchi, wamepumua, wanataniana. Madam hakusalimia mtu. Aliinama kwenye mashine bila kukaa, akaandika mstari unaoilazimisha programu itaje kila kifurushi imekichukua wapi. Alisoma kwa sauti, kidole kiooni, mpaka akafika kwenye neno akiba.

"Mwita Marwa yuko wapi?"

Karani akaonyesha kwa kidevu. "Si yule pale, anakunywa soda."

Alikuwa yule mnene wa Nyamwaga, ndiye aliyetoka saa nne. Alitupungia mkono.

Madam akatoka nje. Alisema orodha ni ya uongo, kuna mtu chini, wafungue tena. Mwenyekiti akamtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Mama, kompyuta yako mwenyewe imesema wameisha."

"Imesema kwa sababu niliacha kitu cha zamani ambacho nilipaswa kukifuta. Kosa ni langu. Chimbeni, mtanilaumu baadaye."

Wakaanza. Karani alibaki mlangoni anajitetea bila kuulizwa: kila siku inamwambia kifurushi hakikupatikana, yeye kila siku ananunua, angefanya nini zaidi? Madam akageuka akasoma tena maneno yale kwenye kioo, polepole. Kisha akanitazama mimi. Nilitazama shati la mdogo wangu lililokuwa limetundikwa kwenye msumari wa banda. Nilikuwa na muda wa kusema. Watu zaidi ya thelathini walikuwepo, na mwenyekiti alikuwa anauliza kwa ukali ni nani aliyefanya hivi. Madam akajibu tena kwamba ni yeye.

Mwita alitolewa saa kumi jioni, ana fahamu zake, mbao imelalia mguu. Hospitali waliukata chini ya goti. Daktari alisema tu kwamba damu ilikuwa imezuiliwa muda mrefu, hakusema saa ngapi zingetosha kuuokoa. Mimi nilihesabu. Tangu duara lifunge hadi Madam aliposema chimbeni ilipita saa moja na zaidi, na katika saa hiyo watu wenye nguvu na majembe walikuwa wanakunja kamba kwa sababu ya sifuri.

Kikundi kiliitupilia mbali mashine, kikaweka ubao wenye misumari na vibati, na hadi leo unafanya kazi. Madam alikuja hospitali mara moja. Mwita aligeukia ukutani. Baada ya hapo wanafunzi walipungua, watu wakaanza kumwita mama wa sifuri, na mwaka haukuisha akafunga chumba akahamia Mugumu kwa dada yake. Mashine mbili aliniachia. Nimesomesha wasichana wale wawili kwa mashine hizo. Mwita alijifunza kushona viatu, na jina la Madam likitajwa nyumbani alitoka nje. Mimi niliendelea kukoroga uji.

Mwezi uliopita nilivuka Mto Mara kwenda Mugumu. Nilimkuta barazani kwa fundi cherehani mmoja, Mwislamu mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, ambaye amempa meza ya kutengenezea simu. Amekonda. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, akamaliza kukaza skrubu, ndipo akanitazama na kuuliza wale wasichana wamefika kidato gani. Fundi akaniletea kigoda. Madam akaanza kuzunguka meza, akinionyesha simu alizozifufua, akinisimulia ya mwenye duka anayeweka neno la siri halafu anakuja kumuuliza yeye.

Nilimkatiza. Nilisema yale maneno ya kwenye kioo niliyaandika mimi, na niliyapeleka kabla hajayasoma, na siku ile nilinyamaza.

"Najua," akasema. "Mimi ningeandika toleo la zamani linatumika, hatari. Nisingeandika upuuzi ule."

Nikauliza kwa nini basi hakusema.

"Ulikuwa na watoto nyumbani na mmoja yuko chini ya udongo. Mimi nilikuwa na pensheni." Akachukua simu nyingine, akaifungua mgongo. "Lakini nilidhani utakuja mwaka ule ule, Bhoke. Nilikuwa nikisikia gari la Nyamongo nachungulia. Miaka sita ni mingi."

Nikaanza kuomba msamaha. Alininyamazisha kwa bisibisi.

"Mimi nimeshasikia. Kamwambie mwenye mguu."

Nilirudi siku ile ile. Mwita alikuwa uani na kiatu cha mtu magotini. Nilimweleza kila kitu, mpaka lile shati kwenye msumari. Hakuacha kushona. Alipofika mwisho akakata uzi kwa meno.

"Mguu umekwenda, dada, hilo nimeshazoea," akasema. "Ila umeniacha namchukia mama wa watu. Umenikalisha hapa miaka sita namchukia, na wewe unanipakulia chakula."

Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu, asubuhi, alikuja jikoni na magongo yake akaniomba namba ya Madam. Nilimwandikia kwenye karatasi. Akaenda nayo chumbani kwake akafunga mlango. Nilisimama uani na mwiko mkononi. Niliisikia sauti yake ikianza kuongea. Maneno sikuyashika, na sikusogea karibu.